Mhoji Namba Kumi na Saba

Asubuhi ile binti alikuwa anapiga pasi gauni lake la bluu huku akijisemea maneno ya semina, midomo ikimcheza kama mtu anayesali, mpaka harufu ya kuungua ikamzindua. Pasi ilishaacha alama ya kahawia ubavuni mwa gauni.

"Msomi wetu huyo!" dada yake akacheka, mguu uko kwenye cherehani. "Shahada ya pili, na pasi imekushinda."

"Dada niache bwana, nimechelewa."

Akavaa sweta refu juu ya aibu yake na kutoka mbio.

Duka la fotokopi mbele ya chuo lilikuwa limefurika. Wanafunzi wamebanana, mashine zinanguruma, harufu ya wino na jasho. Alipopenya hadi mbele akamkuta kijana mrefu mwenye shati la njano, mikono kaikunja mpaka kwenye viwiko, anaipiga mashine makofi.

"Kaka, hiyo siyo ngoma."

"Imemeza dodoso langu, dada. Na mimi bila dodoso ni mmbeya tu kama wambeya wengine."

Binti akacheka, hakutaka. Akafungua mlango wa ubavuni wa mashine, akaivuta karatasi iliyojikunja, vidole vikatoka vyeusi. Kijana akatoa leso yake safi na kumfuta taratibu, kimoja baada ya kingine, foleni nzima ikiguna nyuma yao.

"Unasoma nini wewe mwenye mikono ya fundi?"

"Njia za takwimu kwa mambo ya jamii."

"Sema kama unamwambia bibi yako."

"Nyinyi mnauliza watu maswali, mimi nayahesabu majibu."

"Kumbe ndiye wewe unayekula jasho langu!"

Kumbe kweli. Kijana alikuwa mhoji kwenye utafiti wa Profesa, yule yule aliyemsimamia binti tasnifu yake: utafiti wa jinsi majirani wanavyoaminiana. Wahoji walizunguka mitaani na madodoso, binti akakaa na kompyuta. Humo ndani wahoji hawakuwa na majina, namba tupu, ili anayehesabu asimpendelee mtu.

"Namba yako ngapi?" binti alimchokoza siku moja, wakinywa chai kwenye kibanda nyuma ya maktaba.

"Thubutu! Profesa atanila nyama."

Kijana alimwita Desimali, kwa sababu haachi nukta ipite. Binti akamwita Mrefu. Jioni simu ilikuwa haikauki.

"Desimali wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Muongo! Sauti haina wanga."

Dada yake alikuwa akisikia kicheko hicho anasimamisha cherehani na kukohoa kwa makusudi.

Lakini roho ya binti haikutulia. Siku ya kutetea kazi yake ilikuwa inamjia mbio, wenzake walishafika mbali, na kila akimpelekea Profesa kitu, Profesa anavua miwani na kusema, "Sijaona jipya." Alikuwa anaanza kunywa chai na kuisahau. Anakaa, anasimama, anafungua dirisha, anafunga. Hata Mrefu akimsimulia jambo alikuwa anaitikia "ee, ee" huku macho yako kwenye laptopu.

Ndipo akaliona. Mhoji namba kumi na saba. Mtaa mzima aliouhoji ulijibu sawasawa, nyumba kwa nyumba, kama mapacha waliozaliwa siku moja. Moyo ukamruka. Jipya hilo hapo!

Utaratibu wa kazi aliujua. Ukishuku mhoji, kwanza mtu anarudi kwenye zile nyumba kuuliza: je, alikuja? Alikuulizeni nini? Lakini kurudi kunakula muda, na yeye muda hana. Akamwandikia Profesa: Mhoji namba kumi na saba anatunga majibu. Hakuandika "nashuku". Aliandika anatunga. Jibu likarudi upesi: Safi sana, binti yangu. Siku hiyo alitembea kama ardhi ina springi.

Kesho yake Mrefu akapiga.

"Desimali, nimesimamishwa kazi. Wanasema naketi nyumbani nabuni watu."

Binti akashika ukingo wa meza. "Wewe... ni namba ngapi?"

"Siri imekufa sasa. Kumi na saba."

Binti akairudia ile namba kwa mnong'ono. Mrefu hakuwa mjinga.

"Ni wewe?"

"Mrefu, nisikilize. Sikujua ni wewe, wallahi sikujua!"

"Naamini hukujua." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hata hasira, na hiyo ndiyo ilimtisha. "Na angekuwa mwingine? Kijana wa watu, anamlisha mama yake kwa kazi hii? Huyo asingestahili hata kuulizwa?"

Simu ikakatika.

"Mtafute," dada yake akamwambia, mdomo umeshika pini.

"Nitamwambia nini? Pole?"

"Pole haimrudishi mtu kazini. Nenda ulikotakiwa kwenda mwanzo."

Akaenda. Jua kali, viatu si vya kutembelea, akafika kwenye uchochoro wenye bomba moja la maji na wanawake wamelizunguka na mabeseni yao, povu hadi viwikoni.

"Shikamooni mama zangu. Kuna mhoji aliwahi kupita hapa?"

"Yule mlingoti?" mmoja akaruka. "Si alikaa hapa hapa, juu ya ndoo yangu! Ikapata ufa."

"Mwongo, ufa ulikuwepo!"

"Aliwahoji mmoja mmoja, ndani?"

Wakaangua kicheko. "Ndani tuache nguo? Aliuliza, huyu akajibu, sisi tukaitika. Kijana wa watu alituomba, jamani mmoja mmoja, tukamwambia mwanangu, andika tu, sisi wote ni hivyo hivyo."

Binti akacheka nao, kisha machozi yakamtoka mbele za watu. Mama mwenye ndoo akajifuta povu na kumshika bega.

"Kwani ni nani wako?"

"Alikuwa wangu, mama."

Mrefu hakutunga. Alikosea, ndiyo, kwa kuacha majirani wajibu kwa kwaya. Lakini alifika, aliuliza, alisikiliza. Binti akamwandikia Profesa yote, la Mrefu na la kwake. Profesa akamwita ofisini, akamsema mpaka katibu wa nje akaacha kuchapa. Mrefu akarudishwa kazini. Binti akaahirishiwa siku ya utetezi, na kichwa kile kilichokuwa kinamkimbiza kikaona kumbe dunia haijaanguka.

Akampigia.

"Nimesikia ulikwenda bombani," Mrefu akasema. "Walinipigia. Yule mama anadai ndoo mpya."

Alicheka kidogo. Binti akakamata kile kicheko kama mtu anayezama.

"Turudi tulivyokuwa, mpenzi?"

"Sijui, Desimali. Nakupenda, sikufichi. Ila nikikuwaza naona mtu anayefika kwenye jibu kabla ya kugonga mlango. Naogopa siku moja utanijibia na mimi."

Siku mbili hakulala vizuri. Ya tatu, akiwa kwenye korido anasubiri kufundisha takwimu mwaka wa kwanza, kibarua chake cha pale chuoni, gauni limekunjamana na nywele kazifunga hovyohovyo, akamwandikia Mrefu bila kufuta: "Sitakujibia. Nauliza. Utanioa?" Akatuma kabla hajaogopa.

Ujumbe ukasomwa. Kwenye kioo ikatokea alama kwamba anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena, ikapotea.

Kengele ikalia. Akaingia darasani, simu kaiweka mezani uso juu. Wanafunzi wakafungua majibu ya dodoso kwenye kompyuta, yeye akazungukazunguka kati ya madawati, kila mara akirudi mezani bila sababu. Mwanafunzi mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa mtu aliulizwa, hakujibu. Tumwekee nini? Naweza nikakisia, majibu yake mengine yote ni ndiyo."

Akaitazama simu. Kioo kilikuwa kimezima.

"Usikisie," akasema. "Acha wazi."