Vasiti Anaomba Ruhusa

Vasiti alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa utalii mjini Suva. Mchana alifanya kazi mapokezi hotelini. Jioni alisoma. Mumewe, Josaia, alichemsha mihogo, akamwogesha mtoto, akanyamaza ili mkewe asome. Kwa Josaia, kunyamaza ni kazi nzito kuliko kupika.

Muhula ulikuwa unakaribia kwisha, na ulibaki utafiti tu. Vasiti aliandika juu ya kijiji cha mama yake kisiwani Kadavu, ambako watalii hulala katika nyumba za wenyeji. Alikaa huko wiki nzima, akarekodi mazungumzo kwa simu. Bila utafiti huo, hakuna shahada.

Siku moja alirudi macho mekundu.

"Umekula?" Josaia aliuliza.

"Dokta Mele amekataa kazi yangu. Anauliza watu walinipa ruhusa lini. Nikamwambia ruhusa ya nini, mimi ni vasu pale."

Vasu ni mtoto wa dada. Kwa mjomba wake haombi kitu, hujichukulia. Anaweza kuondoka na nguruwe, na mjomba atacheka, hata kama ni kwa shingo upande. Tangu utotoni Vasiti alibeba kuku, mikeka, hata redio ya Mjomba Apenisa. Safari hii alibeba maneno yake.

Kesho yake Vasiti na Josaia walikwenda kwa Dokta Mele, msimamizi wake wa utafiti, mama wa Kitonga asiyepindisha maneno.

"Mjomba wako alijua unarekodi?"

"Simu ilikuwa mkekani. Aliiona."

"Simu aliiona. Alijua maneno yake yatasomwa chuoni?"

"Sikumwambia."

"Na angetaka kukataa, angeweza?"

"Mimi? Hawezi kuninyima kitu."

"Basi hajakubali bado, mwanangu. Zifute rekodi hizo. Lete maombi ya ruhusa kesho, niyafikishe kwa kamati ya chuo. Wakikuruhusu, rudi kijijini. Sema unatafuta nini na nani atasoma. Mwambie kila mtu anaweza kukataa, au kuondoa maneno yake baadaye akibadili mawazo. Majina yao usiyataje. Ndipo uulize."

"Na wakikataa wote?"

"Utatafuta kitu kingine cha kuandika."

"Muda je?"

"Muda ni mdogo," alisema Dokta Mele. Hakumdanganya.

Chuo kiliruhusu. Vasiti na Josaia walipanda boti kwenda Kadavu.

"Ukilia mbele ya mjomba wako, mimi sikujui," Josaia alimtania. Vasiti hakucheka.

Walimpelekea mkuu wa kijiji mzizi wa yaqona, wa kutengenezea kinywaji cha heshima. Safari ya kwanza Vasiti aliutoa kwa kusalimia tu. Sasa alitaja shida yake yote. Mkuu alipiga makofi kama ilivyo desturi, akaupokea, akamruhusu aende nyumba kwa nyumba.

Alianza kwa mjomba. Litia, mkaza mjomba wake, alikuwa akisuka mkeka.

"Mimi hapana," alisema Litia. "Niache na mkeka wangu."

"Sawa, mama. Asante," alijibu Vasiti, wala hakumsihi.

Apenisa alikuwa akimtazama. "Kumbe wewe unaweza kukataliwa?"

"Naweza, mjomba."

"Hata na mimi?"

"Hata na wewe."

Mjomba aliitazama simu ya Vasiti, iliyokuwa imezimwa. Vasiti aliogopa sana. Aliona shahada ikimponyoka hivi hivi.

"Mara ile nilikwambia watalii ni baraka tupu," Apenisa alisema mwishowe. "Ningekwambia nini? Ulikuja na furaha yako. Sasa washa simu. Kaka yangu alipofariki, matanga hayajaondolewa, wageni walifika. Walikuwa wamekwisha kulipia ngoma. Nilivaa majani, nikawachezea. Nilicheza huku natabasamu."

Litia aliacha kusuka.

"Hayo yabaki kwenye rekodi, mjomba?"

"Yabaki. Wasome."

Vasiti aliandika usiku na mchana, akawahi. Kabla ya kukabidhi kazi, aliisoma mbele ya kijiji, na hakuna aliyeondoa neno lake. Dokta Mele aliipitisha. Vasiti akahitimu. Kijiji nacho kilikata shauri: wakati wa msiba, hakuna ngoma ya wageni.

Mwaka uliofuata mama wa mkuu alifariki. Boti ya watalii ikafika. Apenisa alishuka pwani, akawaambia, "Tuna msiba. Leo hatuchezi."

Wageni walivua kofia. Hakuna aliyenung'unika. Apenisa alirudi ndani, akaketi na wafiwa, akalia kama watu wengine.