Nilimbwaga Mama Mkwe Mlangoni kwa Hawara

Nina miaka thelathini na nane, watoto wanne, naishi Buswelu, Mwanza. Mkishanisoma mtanihukumu... nihukumuni tu!

Mume wangu Deo alipunguzwa kazi kiwandani, miaka ile viwanda vya umma vilipokuwa vinauzwa. Akaingia kwenye mitumba, akawa anavuka ziwa kwenda Sengerema kila wiki. Mama yake alipopooza upande mmoja, tukamtoa Magu, tukaja naye kwetu. Hata mwezi haujaisha, Deo akaniaga kwamba anakwenda mnadani, atarudi Jumamosi. Hakurudi!

Kumbe amehamia huko huko Sengerema kwa Skola... rafiki yangu wa zamani wa kwaya, aliyemsimamia mtoto wangu wa mwisho ubatizo! Umwamini nani tena?

Nikabaki na mgonjwa wa kugeuzwa, kuoshwa na kulishwa. Alfajiri namsafisha, halafu nakimbilia kugombea mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, nikakaange niuze. Nikirudi, shuka zimelowa tena. Mama mkwe hakuwa na kosa lolote. Lakini kila nikimtazama, naiona pua ya Deo!

Nikamwendea paroko ofisini kwake. Akaniambia nimwombe Mungu nguvu za leo tu, za kesho atazileta kesho. Nikaitikia, moyoni nikacheka. Rozari nilisali, ndiyo... lakini kila Salamu Maria niliomba Skola aoze miguu!

Jumatatu moja ya Kwaresima nikachoka kungoja. Nikakodi pikapu, nikamlaza mama kwenye godoro, tukavuka kwa kivuko hadi Sengerema. Skola alikuwa barazani anasukwa nywele. Dereva akanisaidia kulishusha godoro miguuni pake.

"Umechukua mtoto, chukua na mama yake!"

Mama akanishika khanga kwa ule mkono wake mzima. "Mwanangu, unaniacha na nani?"

Nikaunasua mkono, nikapanda gari. Kwenye kivuko niliimba! Haki ya Mungu, sijawahi kufurahi vile.

Nyumbani nikawakuta akina mama watatu wa jumuiya yetu mlangoni, wana sabuni na mashuka.

"Mama Neema, padre ametueleza. Tumegawana siku za wiki, wewe upumzike. Mgonjwa yuko wapi?"

Ningeweza kumfuata kesho yake. Lakini nilitaka Skola ayafue yale mashuka walau wiki mbili! Nikawadanganya kwamba mwanawe kaja kumchukua.

Siku ya kumi na mbili Deo akaja, macho mekundu. Skola alimfungia mama stoo, wala hakumgeuza. Deo naye alikuwa minadani, akarudi mama akiwa mahututi. Vidonda vya mgongoni vikaoza. Mama alikuwa amefariki.

"Amekuita wewe mpaka mwisho," alisema. "Mimi mwanawe hakunitaja."

Nilimfukuza. Sijamsamehe, na Skola ndiyo kabisa! Nikienda kuungama, nikifika hapo nakwama... maana nitamsemaje Skola bila kujisema mimi?

Ndugu zangu mnaouguza, kazi ikiwazidi, lieni kwa Mungu, semeni mmeshindwa, halafu ngojeni hata siku moja zaidi. Msaada wangu ulikuwa njiani, nami nikapishana nao kwa hasira. Nawasihi, msimfanye mgonjwa fimbo ya kumchapia mtu! Mimi nilimlenga Skola. Skola yuko hai, ananenepa. Kaburi liko Magu.