Ombi la Binti wa Fundi wa Majeneza

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alivua sare, akaingia karakanani kwa baba yake na kuokota kipande cha msasa. Jina hilo la utani alilipata kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alisimulia habari za darasani huku akilainisha mbao, na baba yake aliitikia, "Ehe, ikawaje?" huku akisukuma randa.

Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nyeusi: MAJENEZA TU. Zamani baba alitengeneza kila kitu, lakini alipoona jeneza moja linamlipa kuliko viti kumi, aliacha kazi nyingine zote. Mtu akimletea stuli iliyovunjika mguu, alijibiwa, "Hapa si mahali pake."

Kisha duka kubwa la majeneza yaliyo tayari likafunguliwa karibu na hospitali. Zikapita wiki saba bila mteja hata mmoja. Umeme ukakatwa. Mama akauza pasi, akauza na kabati la vyombo. Milo mitatu ikawa mmoja, na huo mmoja ulikuwa uji usio na sukari. Mdogo wake Chiriku, mtoto wa miaka mitatu, alilia njaa mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi moja baba alifunga randa, misumeno na patasi zake ndani ya gunia.

"Jumamosi nazipeleka sokoni," alisema.

"Ukishaviuza vifaa, utafanya kazi kwa kucha?" mama aliuliza.

"Na watoto wale nini, mke wangu?"

Wakasimama kusali kama walivyofanya kila asubuhi. Baba alianza, "Bwana, tunaomba riziki," na sala ikaishia hapo.

Njiani kwenda shule, Chiriku aliwaza. Siku moja mwanafunzi mwenzake alimtania, "Kwenu mkila nyama, jueni kuna watu wanalia." Siku ile alicheka. Sasa maneno yale yalimchoma. Riziki yao ingetoka wapi, kama si kwenye msiba? Aliingia kanisani, ambamo hamkuwa na mtu, akapiga magoti kwenye benchi la mwisho.

"Mungu," alinong'ona, "nakuomba mmoja tu. Awe mzee sana, aliyechoka kuishi. Usimchukue mtoto."

Kesho yake, Bibi Mkunga alianguka bombani akichota maji.

Bibi huyo alikuwa jirani yao, mkunga mstaafu. Chiriku mwenyewe alizaliwa mikononi mwake. Bibi alibebwa kupelekwa hospitali hajitambui, mdomo umepinda upande mmoja. Chiriku aliona hayo akiwa mlangoni. Mimi ndiye niliyemwua, aliwaza.

Tangu saa ile hakusema neno. Uji aliwekewa, akausukumia kwa mdogo wake. Darasani mwalimu alimwita mara tatu bila yeye kusikia. Alijaribu kusali ili ombi lake lifutwe, lakini kila alipofumba macho aliogopa kwamba atasikilizwa vibaya tena.

Siku ya tatu, mtoto wa Bibi Mkunga, dereva wa malori, aliingia karakanani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Fundi, keshokutwa nasafiri na mzigo, na madaktari hawanipi matumaini," alisema. "Mtengenezee mama jeneza kabisa, nisije nikaaibika. Malipo yote haya hapa."

Aliweka bahasha nene juu ya meza. Baba aliitazama. Mkono wake ukaanza kunyooka.

"Baba, usipokee!" Chiriku alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyemwombea afe! Nilimwomba Mungu atupe mzee mmoja ili tupate chakula!"

Dereva alibaki kinywa wazi. Baba aliketi juu ya rundo la mbao, akajifunika uso kwa viganja.

"Mwanangu, hukuwa peke yako," alisema mwishowe. "Hata mimi, kila gari la wagonjwa likipita, moyo wangu uliruka kwa furaha. Sikuthubutu kukwambia."

Aliinuka, akarudisha bahasha mikononi mwa dereva, ingawa siku hiyo nyumbani hakukuwa hata na unga wa uji. "Mama yako bado anapumua. Twende tukakae naye."

Wodini walimkuta Bibi Mkunga amefumbua macho. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalieleweka. Chiriku alipiga magoti kando ya kitanda, akaungama yote.

Nusu ya uso wa Bibi ikatabasamu.

"Mjukuu wangu, unadhani Mungu ni muuza duka, umwagize kifo kama unavyoagiza nusu kilo ya sukari? Presha hii ninayo tangu kabla hujazaliwa. Niliacha dawa mwenyewe, kwa ukaidi wangu. Miaka arobaini nimekula mshahara wa kuzalisha. Je, mimi ndiye niliyewatia wanawake uchungu?"

"Hapana, Bibi. Lakini mimi nilitaka mtu afe."

"Ulitaka, na hilo litubu. Mimi nimekusamehe." Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, Fundi! Kila asubuhi unaomba riziki, ikija kubisha hodi unaifukuza. Huko nje wagonjwa wanakaa sakafuni kwa sababu mabenchi yamevunjika. Wauguzi wanasema muuguzi mkuu anatafuta seremala tangu mwezi uliopita. Au mbao za mabenchi zinakuchafua mikono?"

Baba aliinamisha kichwa kwa aibu. Alipotoka wodini alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu. Jioni hiyohiyo alikuwa barazani mwa hospitali akigongomea misumari, Chiriku akimshikia mbao. Malipo ya siku yalikuwa madogo, lakini yalitosha unga, maharage na mafuta ya kupikia. Baada ya mabenchi yakafuata milango, kisha makabati ya dawa. Bibi Mkunga aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya wiki mbili, akitembelea mkongojo na kumeza dawa zake kila siku.

Jioni ya kwanza ya kazi ile, chakula kilipokwisha kupakuliwa, baba alimwita Chiriku akae karibu naye.

"Kuomba riziki si dhambi, mwanangu," alisema. "Lakini tusimwombe Mungu atupe kwa kumpokonya mwingine. Tuombe kazi, na kazi ikija, hata iwe ndogo namna gani, tuinuke tuifanye. Mimi nilishindwa hilo la pili, nikakusukuma wewe kwenye lile la kwanza. Nisamehe."

Chiriku aliegemea bega la baba yake, akalia. Kisha akanawa mikono, akala mpaka akashiba.