Swali la Mjukuu kwa Mzee Momanyi

"Mume wangu, leo nakuacha nyuma!" Bochaberi alimwita babu yake. "Majani yako hayatoshi hata kikombe kimoja!"

"Mke gani huyu mwenye mdomo hivi?" Mzee Momanyi alicheka. "Nitakurudisha kwa baba yako."

Hivyo ndivyo walivyochuma chai kila asubuhi, huko karibu na Nyansiongo. Kwa Wagusii, babu na mjukuu hutaniana watakavyo. Lakini kati ya baba na mwanawe kuna ensoni, yaani heshima na aibu pamoja. Masese, baba yake Bochaberi, hakuthubutu kutaja mambo ya mwili mbele ya Mzee. Phanice, mama yake, ndiyo kabisa. Mzee ni baba mkwe wake.

Siku hiyo wakulima walikuwa kwenye kituo cha kununulia chai, wakingoja lori. Ombok, muuguzi Mjaluo wa zahanati, alipanda juu ya kreti.

"Wanaume, leo ni zamu yenu! Nataka tuzungumze juu ya saratani ya tezi dume. Tezi hiyo ni ndogo, iko chini ya kibofu cha mkojo. Hapa Kenya, saratani hii inawapata wanaume wengi sana."

Phanice alimwona Mzee akisikiliza. Aliinama, akachukua kikapu chake, akaondoka. Masese alijificha nyuma ya kibanda.

"Wewe Ombok!" Mzee alifoka. "Unataja mambo ya chini mbele yangu na mtoto wangu? Kwenu mnafanya hivyo?"

Akaenda zake. Wazee wengine wakamfuata.

"Nimekosea wapi?" Ombok aliuliza.

"Umewachanganya," Bochaberi alimwambia. "Baba na mwana hawasikii maneno hayo pamoja."

"Kumbe! Haya, Mzee ana miaka mingapi?"

"Sitini na nane."

"Umri ni jambo la kwanza. Baada ya hamsini hatari inapanda. La pili, sisi watu weusi tunaipata zaidi kuliko wengine, na mara nyingi mapema. La tatu ni ukoo. Kama baba yako au ndugu yako aliugua, hatari yako ni kama mara mbili. Wenye ukoo kama huo waje kwetu kupimwa tangu miaka arobaini. Kwenu kuna aliyeugua?"

"Hakuna. Mokua, mdogo wake babu, alikufa kwa mgongo. Watu walisema amerogwa."

Ombok alimkazia macho. "Mgongo? Saratani hii ikichelewa huingia kwenye mifupa. Kabla ya mgongo, mkojo ulimsumbua?"

Bochaberi hakujua. Lakini alimjua anayejua. Aliondoka mbio.

Alimkuta babu akikata nyasi za nepia za ng'ombe.

"Mume wangu, kabla Mokua hajaumwa mgongo, mkojo ulikuwa unatoka vizuri?"

Panga lilisimama hewani. "Nani amekutuma?"

"Nimejituma. Mimi si mwanao, wala si mkwe wako. Niambie!"

Mzee aliketi juu ya nepia. Akasema polepole, "Daktari alituambia ni tezi dume. Mokua aliniomba nisiwaambie vijana. Aliona aibu. Watu waliposema amerogwa, nikanyamaza."

"Babu! Na wewe ni ndugu yake wa tumbo moja!"

"Mimi siumwi popote."

"Mwanzoni haiumi! Ukingoja uumwe, itakuwa imeshatembea. Unataka tukuzike, halafu tuseme na wewe umerogwa?"

Mzee alikohoa. "Nitaenda. Lakini nisimwone Masese huko."

"Hutamwona!"

Bochaberi alipomweleza hayo, Ombok alitenga siku mbili za kupima: siku ya wazee kwanza, na siku ya wana wao mwezi uliofuata. Siku ya wazee, benchi lilijaa. Mzee mmoja alinong'ona, "Watatuvua nguo?"

"Leo nataka mkono tu," Ombok alisema. "Natoa damu kidogo. Kipimo kinaitwa PSA. Kikiwa juu, usikimbilie kununua jeneza! Tezi ikikua kwa uzee pia hukipandisha. Ndiyo maana unapimwa zaidi."

Kipimo cha Mzee Momanyi kilikuwa juu. Alipelekwa hospitali Kisii, wakatoa kipande kidogo cha tezi wakakipima. Wakati wa kungoja majibu, Bochaberi hakuweza hata kumtania.

Majibu yalipotoka, daktari alisema, "Saratani ipo. Lakini haijatoka nje ya tezi. Tumeikuta mapema. Tutaitibu."

Bochaberi alipiga vigelegele humo humo hospitalini. Muuguzi wa hapo alimnyamazisha, lakini yeye mwenyewe alikuwa akicheka.

Mzee hakucheka. "Wana wa Mokua wako Suneka," alisema. "Wapigie simu sasa hivi. Mimi siwezi kutamka, nao ni kama wanangu. Waambie baba yao aliugua nini, na kwamba mimi nilificha. Waambie nisingependa aibu yangu iwaue."

Bochaberi alipiga simu. Mathew, mwana wa kwanza wa Mokua, alisikiliza yote, hata habari ya siku ya wana. Kisha akauliza, "Siku yetu ni lini?"

Siku hiyo ilipofika, wana wote wa Mokua walikuwa mlangoni kabla zahanati haijafunguliwa. Masese alikuwa mbele yao, na mikono ya shati ameshaikunja.