Aliyekaza Breki Hushuka na Tela

Hadithi hii ni kweli tupu, kuanzia nati ya kwanza mpaka ya mwisho. Atakayeikamata na uongo, msimulizi atamnywesha chai na kumlisha vitumbua mbele ya kadamnasi hii hii. Haya, sogeeni.

Mwaka ule, juu ya mlima Kitonga, kazi ya kukagua matela ilikuwa ya kaabreki: mtambo wa chuma wenye miguu minane kama kaa, mkubwa kama ng'ombe aliyelala. Kaabreki alitia kabari kwenye magurudumu, akajipenyeza chini ya tela, akabana breki na kupima mkono wa breki wa kila gurudumu umetoka kiasi gani. Ukitoka kupita kipimo, breki imelegea. Hapo alikaza nati mpaka kiatu cha breki kiguse ngoma ya gurudumu, kisha akairudisha nusu mzunguko ili gurudumu lipumue. Mwisho alinusa. Grisi ikivujia ngoma, tela haliendi popote.

Aliyemfundisha yote hayo ni fundi Chengula, mtu wa sikio. Miaka miwili aligonga ngoma kwa spana, kaabreki akisikiliza. Akamfundisha na mila ya mafundi wa Kitonga, ambayo wakubwa hawakuijua: aliyekaza breki hushuka na tela. Ukijua utapanda juu ya kazi yako mwenyewe, huilipui. Mila hiyo ililala ndani ya mtambo, ikingoja kuamshwa kwa ngoma kugongwa mara tatu.

Masika ya mwaka ule kaabreki alikataa tela moja. Injinia Kaduma, mkuu wa kituo, alikuwa na haraka zake. Akabonyeza "salama" akiwa kitini, ghorofani. Lori lililovuta tela lile liliendeshwa na Luka, mdogo wake Chengula. Kona ya tatu haikumrudisha. Kaduma akaandika kwamba mtambo ulifundishwa vibaya, na Chengula akafukuzwa kazi kabla ya arobaini ya ndugu yake.

Chengula hakulia. Alingoja.

Asubuhi moja alijipenyeza chini ya tela lililobeba mbao, lililokwisha kukaguliwa, akalegeza breki zote za nyuma. Kisha akagonga ngoma: moja, mbili, tatu.

Ghorofani, Kaduma akabonyeza "salama" bila hata kuchungulia dirishani. Kwa mila, anayesema "salama" huhesabiwa na aliyekaza; kaabreki akapanda ngazi, ka-ka-ka-ka. Akarudi na injinia ananing'inia kwa mkanda wa suruali, akamketisha juu ya mbao, akamfunga kamba ya turubai.

"Nishushe! Nishushe, we chuma!"

"Kamwene, Injinia!" Chengula alimsalimu kienyeji, akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Tulia. Utashuka mlima mzima."

Hakumaliza kucheka. Guu jingine la chuma lilimkamata ukosi. Kaabreki alikuwa amenusa zile nati, akakuta ugoro, na pale kituoni mvuta ugoro alijulikana.

"Mkono wa mwisho kwenye nati," mtambo ukasema, kwa sauti ile ile ya Chengula uliyofundishiwa, "nao ushuke."

Wakawa wawili juu ya mbao, bega kwa bega. Lori, ambalo tangu kifo cha Luka lilijiendesha lenyewe bila dereva, likaanza kuunguruma.

"Umefanya nini huko chini?" Kaduma aliuliza.

"Ulichomfanyia Luka."

Kaduma akatazama bondeni, kuliko na soko la vitunguu la Ruaha Mbuyuni. Ilikuwa siku ya gulio. "Na wale, Chengula? Wale wamekukosea nini?"

Hilo Chengula hakuwa amelifikiria hata kidogo. Ugoro ulimkauka puani.

"Sema kwanza," akasema. "Kaabreki anarekodi. Nani alibonyeza?"

"Mimi."

"Kaabreki alikataa?"

"Alikataa. Nikabonyeza."

Chengula akaomba spana. Akateremshwa, akakaza kila gurudumu kwa mkono wake: kiatu kiguse ngoma, nusu mzunguko nyuma. Kisha akapandishwa tena, maana mila ni mila. Basi tela likashuka kama mwewe, cheche zikaunguza mawingu, nyani wakapiga makofi, na kona ya tatu Kaduma akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, huku Chengula ametulia kama jabali, hata kope—

"We mzee!" Alikuwa Mama Semeni, muuza vitunguu wa Mbuyuni, aliyesikiliza muda wote na kikapu mapajani. "Mbona unajisimulia kama marehemu? Tela lilikuja mwendo wa kobe, nililiona kwa macho yangu. Na Kaduma alikuwa kimya. Aliyelia ni wewe, unamwita Luka, Luka. Kanga uliyofutia makamasi ilikuwa ya nani?"

Kadamnasi yote ikamgeukia msimulizi, Chengula mwenyewe. Akapangusa pua, akatafuta pa kutazama, akapakosa.

"Vitumbua vya wangapi?" akauliza.

"Vya wote tuliopo," alisema Mama Semeni. "Na kikombe kimoja cha Luka."

Chengula akainuka, akaenda kuwasha jiko.