Uvimbe Uliorudi Rukuba

Kila asubuhi kisiwani Rukuba, Dorotea alianika dagaa, na mwanawe Felisian aliwafukuza kunguru. Miaka ile maduka ya Musoma yalikuwa yameanza kujaa bidhaa tena baada ya uhaba. Lakini nyumbani kwa Dorotea hakukuwa na furaha. Taya la Felisian lilivimba, na meno yakacheza yenyewe hata akiwa amefunga mdomo.

Hospitali walisema ni saratani. Wakamchoma sindano, wakampa tarehe ya kurudi. Walipofika nyumbani, bibi yake, Miriamu, alimpa mtoto jina la babu yake, Masatu. Babu huyo alizama ziwani, mwili haukuonekana.

Uvimbe uliyeyuka upesi ajabu, kama chumvi kwenye maji.

"Mzee alikuwaga anadai jina tu," alisema Miriamu. "Sindano za nini tena?"

Hawakurudi hospitali.

Mvua zilipoanza, mtoto aliacha kula. Alikaa akitazama ziwa, kiganja shavuni.

"Bibi," alisema taratibu, "babu amerudi. Anasukuma meno."

Dorotea alimsikia. Alimbeba mtoto, akapanda boti hadi Musoma, kwa rafiki yake nesi Tabu wa mtaa wa Kamunyonge. Miriamu aliwafuata.

Tabu aliwasikiliza habari yote, akampapasa mtoto shavu. "Huyu si babu, mama. Sindano iliua seli nyingi za saratani, lakini zingine zilibaki, ndogo mno kuonekana. Kila seli ina ngozi nyembamba, tunaita utando. Seli zingine za saratani zina protini kwenye utando huo, zinazotoa dawa nje. Ni kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Yanaingia, anayamwaga. Mkiacha matibabu, hizo sugu zinaongezeka."

"Kwa hiyo mwanangu anakufa?" Dorotea alilia.

"Twende kwa daktari leo. Anaweza kuchanganya dawa tofauti. Ila uvimbe ukiisha, msiache mpaka aseme."

"Na jina?" Miriamu aliuliza kwa woga.

"Jina abaki nalo, bibi. Kosa lilikuwa kuacha dawa."

Dawa mpya zilipoanza, nywele za mtoto zilidondoka. Alitapika, akakonda. Uvimbe ukaisha tena, na safari hii walimaliza dawa zote.

Siku moja Felisian Masatu alikuwa akitafuna hindi la kuchoma. Miriamu alisogea, akabandika sikio kwenye shavu lake, akasikiliza muda mrefu.

"Hamna mtu," alinong'ona. Machozi yalimtoka.

"Lakini Jumatatu tunaenda kupimwa, bibi," alisema Felisian.

"Najua," alisema Miriamu. "Khanga ya safari nimeshaifua."