Aliyejibu Wateja Wangu

Jioni ile nilitoka kufuata uzi mweupe tu. Uzi wa kumalizia pindo la gauni la bibi harusi, basi. Giza lilikuwa linaingia. Nilijifunga mtandio shingoni, maana koo langu lilikuwa limekufa. Halikuuma. Lilikufa. Nikifungua mdomo, pumzi tupu. Hospitali walinichungulia wakasema hawaoni kitu.

Mwenzangu wa duka la ushonaji, Kidoti, ndiye aliyenitia moyo. "Pumzika, ndugu yangu. Wateja niachie mimi." Tulikuwa chanda na pete. Yeye ndiye aliyenishika mkono siku nilipojifungua. Yeye ndiye aliyetutengenezea tovuti ya duka, barua pepe yenye jina letu, na kalenda ya kazi ambayo kila mmoja wetu aliiona kwenye simu yake. Ila kuongea na wateja kwa video ilikuwa kazi yangu. Kidoti ana mkono wa dhahabu kwenye cherehani, lakini mbele ya watu ulimi unamganda.

Kabla sijaugua aliniomba nirekodi salamu ya kuweka kwenye tovuti. Alizima taa, sikujua kwa nini.

"Taja jina lako," akasema. "Taja tena. Polepole... kama unalikabidhi."

Nilicheka, nikataja. Asubuhi yake sauti ikaanza kukwaruza.

Sasa, karibu na duka, nilikutana na mama wa yule bibi harusi.

"He! Una mbio wewe! Si tumeagana sasa hivi?"

Nikatikisa kichwa.

"Kwenye video, mwanangu! Umenichekesha mpaka mbavu zinauma." Akasogea anitazame. Tabasamu likamtoka. "Mbona... mbona umekonda hivyo?"

Hakungoja jibu. Alivuka barabara bila kutazama magari.

Mlango wa duka ulikuwa umerudishwa tu. Ndani kulinuka nywele zilizoungua. Cherehani zote kimya.

Halafu nikasikia kicheko.

Changu.

Nikachungulia. Kidoti alikuwa ameketi sakafuni, mbali na kompyuta, midomo inacheza bila kutoa neno. Kwenye kiti changu alikaa mwanasesere wa kupimia nguo, yule asiye na kichwa, amevishwa blauzi yangu ya buluu niliyoitafuta nyumba nzima. Lakini kwenye kioo cha kompyuta, pale unapojiona mwenyewe ukiongea, nilikuwapo mimi. Mashavu yamejaa. Macho yanang'aa. Namwambia mteja, "Karibu sana mpenzi, kitambaa hicho tunacho..."

Ule uso ukanyamaza.

Ukageuka. Ukatazama mlangoni.

"Kidoti," ukasema taratibu, "kuna mgeni."

Kidoti hakushtuka. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Ungekuja kesho," akanong'ona.

"Kwa nini?" Midomo yangu tu ndiyo iliyouliza.

"Nashona mimi, unasifiwa wewe. Miaka yote. Niliomba sauti tu. Na nyota yako kidogo... Sikujua kwamba itataka na mengine."

"Mengine yapi?"

Aliitazama kompyuta kama mtoto anayengoja kofi. Nikaruka, nikang'oa waya, nikaifunga kwa kishindo. Giza.

Kicheko hakikukoma.

Nilikimbia bila viatu mpaka kwa mama. Nikagonga. Ndani alikuwa anaongea na simu, amechangamka kuliko nilivyomsikia tangu tumzike baba.

"Nani?"

"Mama..." Pumzi tu.

"Wewe nani? Usinichezee! Binti yangu naongea naye hapa."

Nikagonga kwa ngumi zote mbili. Mama, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuogopa, akaiuliza simu, "Mwanangu, baba yako alikuwa anakuitaje ulipokuwa mdogo?"

Niliweka mdomo kwenye tundu la ufunguo. Kabla sijapumua, simu ilishajibu. Ikajibu sawasawa, na kwa mapenzi.

Nje ya nyumba ile, jina lile nilimwambia mtu mmoja tu maishani. Nilimwambia nikiwa na uchungu wa kuzaa, nimemng'ang'ania mkono.

Mama alinifungulia baada ya kunichungulia dirishani akaniona nalia. Alinigusa uso, akagusa mabega, lakini simu hakuiachia.

Kidoti alihama, hakuna anayejua alikoelekea. Tovuti niliifunga mwenyewe, nikafuta na barua pepe. Wateja bado wananishukuru kwa majibu ambayo mimi sijawatumia. Sauti imenirudia nusu, ya mkwaruzo, na watu husema si mbaya.

Naishi kwa mama sasa. Tunakula pamoja, tunaongea kidogo. Lakini simu yake ikiita, hutazama kioo, hunitazama mimi, kisha huinuka bila neno na kwenda kuipokelea uani.

Namsikia anavyocheka huko.

Na mimi hajawahi kucheka hivyo.